Kitani cha Mtoto wa Grisel

Kersley, Suffolk
14 Mei 1636

Mdogo wangu Grisel,

Furushi limefika, na barua nimeichoma kama ulivyoagiza, ingawa niliisoma mpaka ikanikaa kichwani kabla sijaitia motoni. Kwanza nilikutukana. Nilikutukana vizuri, nikiwa peke yangu na kuku, hata jogoo akaona aibu akatoka nje. Halafu nikalia. Sasa yote mawili nimemaliza, tuzungumze.

Maskini Barnaby. Mtu ndoa yake inatangazwa kanisani Jumapili mbili, anangoja ya tatu, tauni inambeba katikati ya wiki. Angevuta pumzi kidogo tu zaidi ungekuwa mjane mwenye heshima zako na mtoto ana jina la baba. Sasa utaitwa jina jingine kabisa, na wambeya hapa kijijini nawajua.

Nimezitandaza nguo mezani. Kofia mbili, kishati, na kile kitambaa kirefu cha kumviringishia mtoto, vyote vya kitani alichokununulia marehemu kwa shuka za harusi. Na uzi wa buluu ukingoni! Nani alikufundisha kushona hivi? Si mimi, mimi nashona kama ninayeziba gunia. Kofia ndogo niliivisha ngumi yangu, nikaizungusha huku na huku, nikacheka peke yangu kama mwehu. Umefanya vema kuzileta huku, maana huyo bibi unayemtumikia huko London, anayepekua sanduku lako kila Jumapili, angezikuta kabla hujakunja ya pili. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, nawe kwangu umejifunua. Kwa bibi endelea kujifunika mpaka uje nyumbani. Utajifungulia kitandani kwa mama, na mimi nitashika taa na kukupigia kelele.

Ila nikuambie nilichokiona, ili ujue kwa nini nakusihi uwe makini. Jumamosi mpiga mbiu alisimama kwenye msalaba wa soko, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Akasoma tangazo la Mfalme: wazururaji wote wakamatwe, na mwanamke mwenye mtoto asiye na baba atandikwe na apelekwe nyumba ya adabu mwaka mzima. Hawakungoja wino ukauke. Walimtoa Margery wa kinu, wakamvua mpaka kiunoni, wakamfunga nyuma ya mkokoteni, wakamchapa soko zima, maziwa yakimtiririka. Baada yake wakamleta yule mshona viatu aliyeapa uongo mbele ya hakimu. Wakambana shingo kwenye ubao wa aibu, wakalipigilia msumari sikio lake, na jua lilipozama wakalikata ili atoke.

Wewe hawakupati. Nguo nimezificha chini ya viota vya kuku, na mdomo wangu nimeutia kufuli. Hata wanishikishe Biblia, Grisel, sitakutaja.

Dada yako,
Ursula


London
20 Juni 1636

Shikamoo dada yangu mkali,

Nimeisoma barua yako chooni, ndiko pekee bibi hanifuati. Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Anapiga hasa nikila siagi. Nadhani atakuwa mkali kama wewe.

Nilitaka kuja kabla ya mwezi huu kwisha, lakini huku nako mbiu imelia. Mfalme ametangaza, kwa sababu ya tauni, kwamba wachukuzi wa mizigo wasitoke mjini, magulio yafungwe, na asiyekuwa na cheti cha afya asipite lango lolote. Cheti anatoa padri akiandikiwa na bwana wa nyumba. Nikimwomba bwana atauliza ninakwenda kufanya nini, na bibi atanitazama kiunoni. Tayari ananitazama. Juzi alisema ninanenepa wakati jiji zima linakonda. Avis, yule mpishi, akamjibu kwamba mimi ni mwizi wa siagi, na Mungu ambariki, hajui lolote ila ana mdomo mwepesi na moyo mzuri.

Basi nimevumilia. Hesabu yangu ni Septemba mwishoni, karibu na sikukuu ya Mikaeli, na watu wanasema baridi ikianza tauni itapungua na milango itafunguliwa. Barua hii nimempa mleta nyasi kavu, sijui ataipitisha wapi.

Nguo zangu usizifue kwa majivu makali, zitakwaruza. Na usizivishe ngumi yako, utazitanua.

Mdogo wako,
Grisel


Gerezani, London
9 Agosti 1636

Dada,

Kaa chini kwanza.

Mtoto alikuja mapema. Nilikuwa chumba cha kufulia, bibi yuko kanisani na Avis sokoni. Nilidhani ni tumbo la kawaida. Alikuwa mvulana. Hakulia, dada. Nilimgeuza, nikampulizia mdomoni kama tulivyofanya kwa mwanakondoo yule wa baba, nikamsugua mgongo, hakulia. Alikuwa amekwisha kufa kabla sijamwona. Nikamfunika kwa aproni yangu nikamlaza kwenye kapu la nguo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine, na miguu ilikataa. Nilikuwa nitamwambia bibi nikipata nguvu ya kusimama. Lakini alirudi akaliinua kapu mwenyewe.

Wananishtaki kwa kuua. Kuna sheria ya Mfalme wa zamani, na padri huisoma madhabahuni kila mwaka, wewe na mimi tumeisikia tukisinzia: mwanamke asiye na mume akificha maiti ya mtoto wake, basi amemuua, mpaka aje shahidi aseme mtoto alizaliwa mfu. Shahidi mimi sina. Tulikuwa wawili tu mle chumbani na mmoja hakufungua macho.

Lakini sikiliza, lipo tumaini. Humu ndani kuna bibi kizee aliyeona kesi nyingi. Anasema mwanamke akithibitisha kwamba alimtayarishia mtoto nguo na alimwambia mtu wake, wazee kumi na wawili wa baraza humwachia. Anasema, “Anayeshona kofia hakati kichwa.” Nami nilishona, dada! Nilishona mbili!

Nimemwambia hakimu wa hapa kila kitu, na amemwandikia hakimu wa huko akuite na kukuuliza kwa kiapo. Kwa hiyo usifiche tena. Akikuita, sema yote. Toa nguo chini ya kuku, zitikise manyoya, umwonyeshe ule uzi wa buluu. Ni wewe tu unayeweza kunitoa humu.

Grisel


Kersley
16 Agosti 1636

Mdogo wangu mpenzi,

Tangu ile ya Juni sijapata hata mstari. Wanasema barua za London zinazuiliwa darajani Sudbury, zinafukizwa moshi na kuchovywa siki, na nyingine walinzi wanazichoma kwa uvivu tu. Hii nampa mswaga ng'ombe, maana jiji hata likiwa na tauni halikosi kula nyama, na yeye ana ruhusa ya kupita. Kesho asubuhi anaondoka, kwa hiyo nitasema upesi.

Umenusurika! Nani amekusaliti huko sijui, nashuku huyo bibi yako, lakini leo hakimu wetu, Bwana Thirkell, aliniita nyumbani kwake. Ana karatasi kutoka London mkononi. Hakuniambia ni ya nini, wakubwa hawaelezi, ila mimi nilijua pale pale nilipoliona swali la kwanza linavyoelekea. Akauliza kama umewahi kuniambia una mimba. Nikasema hapana. Akauliza kama umewahi kuniletea nguo za mtoto. Nikasema hapana. Akanisogezea Biblia, akaniambia nifikiri vizuri, je, sijaona hata kofia? Nikaweka mkono juu ya Kitabu, Grisel, nikamwona Margery nyuma ya mkokoteni, nikasema sijaona, sijasikia, na mdogo wangu ni msichana safi. Mara tatu nimekana, kama Petro, na jogoo wangu hata hakuwika.

Karani akaandika, nami nikatia sahihi kwa mkono ule ule baba alioufundisha. Hakimu akaichukua karatasi. Akasema, “Sawa basi,” akaipiga muhuri. Nilirudi nyumbani nikijishika sikio, maana lile sikio la mshona viatu halijanitoka kichwani. Lakini nimepita.

Na kama wangekuja kupekua wasingepata kitu. Wiki iliyopita askari wa kijiji alipekua nyumba ya jirani akitafuta sufu ya wizi, akafika mpaka bandani. Nikasema potelea mbali. Nikazifumua nguo zote, nikaunganisha vipande, nikakushonea kitambaa cha kichwa. Usilie. Kitani ni kitani, tutamshonea mtoto nyingine ukifika, nami nitakuachia uzi wa buluu wote. Nimekifungia humu. Kivae uone kama dada yako bado anaziba gunia.

Ursula wako


Chelmsford
29 Agosti 1636

Grisel,

Barua yako ya gerezani ilinifikia siku moja baada ya mswaga ng'ombe kuondoka. Inanuka siki. Niliisoma nimesimama, ukaniambia nikae chini.

Nimekuua mimi.

Nilikimbia kwa Thirkell sijafunga hata viatu. Nikamwambia niliapa uongo, nguo zilikuwepo, ulinieleza yote tangu Mei. Akasema karatasi imekwisha kwenda London. Akauliza barua ya Mei iko wapi. Nimeichoma. Akauliza nguo ziko wapi. Nikasema ni kitambaa cha kichwa, nimekipeleka. Akasema, si kwa ukali, kwamba kila dada angesema hivyo akisikia kuna kitanzi, na kwamba nikitaka kuapa mara ya pili kinyume cha mara ya kwanza, sheria itanichukua. Nikamwambia ichukue. Nikamshika mkono. Akaamuru nitolewe nje.

Basi nikaanza kutembea nije mwenyewe. Nimefika Chelmsford tu. Hapa wamenishika kwa tangazo lile lile la Mfalme, mwanamke yuko barabarani peke yake, hana cheti, basi ni mzururaji. Wananirudisha kesho nikiwa nimefungwa nyuma ya farasi, kijiji kwa kijiji. Nimempa mfanyabiashara mmoja pete ya mama ili akuletee barua hii, nimemwapisha, kama kiapo changu kina maana yoyote.

Sikiliza, na uwe mkaidi mara hii tu. Ukisimama mahakamani, waambie dada yako ni mwongo. Sema kwa sauti. Sema Ursula Pettit wa Kersley ameapa uongo juu ya Biblia, waje wamshike. Waonyeshe kitambaa, kwenye ukingo alama za mshono wako bado zipo, nilikuwa na haraka sikuzisugua. Waonyeshe barua hii. Sikio langu wala silipendi. Waache wakate yote mawili, nitakuja kukupokea nikiwa sina hata moja na nitacheka.

Nakuomba, mtoto wa mama. Sema mimi ni mwongo.

Ursula


Gerezani, London
8 Septemba 1636

Dada yangu Ursula,

Kesi ilikuwa jana na hukumu imetoka. Itakuwa Jumatatu. Nakuandikia mapema ili usisikie kwa mtu wa sokoni.

Sasa nisikilize mimi, japo si desturi yako. Karatasi yako kutoka Suffolk haikusomwa. Haikufika kabisa. Tauni imeua makarani, nusu ya karatasi za watu zimepotea, na yako imo humo humo. Hakuna aliyetaja nguo wala jina lako. Wazee wa baraza walikuwa na haraka, walitaka kutoka ndani kabla hewa haijawadhuru, wakaamua kesi za wengi kwa mara moja. Kwa hiyo yale uliyosema kwa Bwana Thirkell, uliyasema ukutani. Hayakunisaidia na hayakunidhuru. Barua yako ya Chelmsford niliipata kesi ikiwa imekwisha, kwa hiyo nayo usiifikirie.

Umeelewa? Si wewe. Nataka uisome sentensi hiyo kila siku, hata ukiwa na kazi.

Kitambaa nimekipokea na ninakivaa. Mshono wako umekaa vizuri kuliko nilivyotegemea, nilikuwa tayari kukutania na sasa sina la kusema. Usiku nakiweka shavuni. Avis alimzika mtoto kando ya ukuta wa kanisa, padri akiwa anatazama pengine kwa huruma. Nilimwita Barnaby moyoni, hakuna wa kunikataza.

Naogopa, dada. Sitakudanganya kwa hilo. Naogopa ngazi ya kitanzi, na naogopa watu wanaokuja na chakula chao kutazama. Lakini nikifumba macho nakuona wewe unagombana na kuku, na moyo unatulia kidogo.

Kuku usiwauze. Na usikae peke yako sana.

Grisel wako


London
25 Septemba 1636

Kwa Ursula Pettit, Kersley

Mimi ni Avis, mpishi katika nyumba aliyofanya kazi mdogo wako. Kuandika sijui, karani wa kanisa ananiandikia, kwa hiyo maneno yakiwa mazuri ni yake.

Pole sana. Sijui neno jingine. Nilikwenda naye, nilitembea kando ya mkokoteni nikishika ubao wake, ili aone uso mmoja anaoujua. Kabla ya kupanda ngazi alikivua kitambaa cha kichwa akanipa, maana mnyongaji huchukua nguo za mtu kama haki yake. Akasema nikuletee. Akasema pia nikupe tu, nisiongee mengi. Lakini mimi kunyamaza sijui, na kuna jambo ambalo nikilinyamazia nitakuwa nimekudhulumu, kwa sababu nataka ujue jinsi msichana yule alivyokuheshimu.

Mahakamani nilikuwepo, juu pale wanapokaa watu. Grisel aliwaambia alishona nguo na kuzipeleka kwako. Wazee wa baraza wakanyanyua vichwa, mmoja hata akamtazama kwa huruma. Ndipo jaji akaisoma karatasi yako kutoka Suffolk, neno kwa neno, kwamba hujaona nguo wala hujasikia habari ya mtoto.  Jaji akamwuliza, “Huyu ni dada yako wa damu. Unasema ameapa uongo?”

Alikuwa na barua mkononi, ilimfikia asubuhi ile ile, mfanyabiashara mmoja aliipenyeza mlangoni pa gereza nikiwepo. Nilidhani ataitoa aisome. Aliikunja ndogo ndogo, akaitia kifuani. Akajishika kichwani, hapo kwenye kitambaa, kama anayekiweka sawa. Kisha akasema, “Hapana, bwana. Dada yangu hajawahi kusema uongo maishani mwake.”

Baada ya hapo hawakutoka hata nje kushauriana.

Nimejiuliza sana. Alikuwa msichana mkweli, sasa kwa nini azuke na habari ya nguo ambazo hazikuwepo? Labda ni hofu. Wewe utajua. Kitambaa nimekifua kwa maji baridi na nimekifunga humu. Kimeshonwa vizuri, ila kwenye ukingo nimeona vitundu vidogo vya sindano, vimepangwa duara, na kipande cha uzi wa buluu kimebaki. Ni vya nini?

Avis, kwa mkono wa karani


Kersley
12 Oktoba 1636

Avis,

Asante kwa kushika ule ubao. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa.

Umeuliza vitundu ni vya nini. Ni vya kofia ya mtoto. Zilikuwa mbili, na kishati, na kitambaa cha kumviringishia. Nilizifumua mimi. Grisel hakuzua kitu. Aliyeapa uongo ni mimi, na yeye alijua, na ile barua aliyoikunja ilikuwa yangu, ikimwomba aniumbue. Kwangu aliandika kwamba karatasi yangu haikusomwa. Nilikuwa nimeanza kuamini. Kwa wiki mbili nzima nililala.

Usijilaumu kwa kuniambia. Mtu anastahili kujua alichofanya.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi, soko likiwa limejaa, nilipanda jiwe la msalaba pale anaposimama mpiga mbiu. Nikapiga mbiu yangu. Nikataja jina langu, siku niliyoapa, na kiapo chenyewe, nikasema mwenye msumari aulete. Hakuna aliyeuleta. Halafu wake wa majirani wakanishusha polepole, mmoja akanipa bia ya moto, na Margery wa kinu, ambaye mgongo wake haujapona vizuri, akanisindikiza mpaka nyumbani akinishika kiuno.

Jumatatu nikaenda kwa Thirkell. Nilizifunga nywele juu kabisa ili masikio yaonekane. Nikamwambia nimekuja kwa ubao wa aibu. Aliniacha niseme yote. Mwisho akainuka, akanifungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo hawafanyi.

Akasema, “Nenda nyumbani, mama. Huzuni imekuchanganya. Nina barua ya mahakama hapa. Mdogo wako mwenyewe alitamka kwamba husemi uongo, akafa bila kubadilisha. Sheria haiwezi kumkatalia mtu neno lake la mwisho.”

Basi ninayo masikio yangu yote mawili. Kuku sijawauza. Kitambaa chake nakivaa kila siku, na nikikifunga kinayafunika vizuri.

Ursula Pettit